Nikigeuza Kisogo, Naitwa

Alhamisi, 3 Juni 2021

Mimi ni mtu wa bahati. Nasema bila haya, maana hapa hakuna anayesoma ila mimi. Miaka kumi na sita niko Guangzhou na sijawahi, narudia, sijawahi kuondoka kwenye duka nisiitwe. Wenzangu wakitaka bei ipungue hujifanya wanaondoka, na wenye maduka huwaacha waende zao salama. Mimi nikigeuza kisogo, naitwa. Sifiki duka la tatu. "Pengyou! Rafiki! Rudi!" Narudi taratibu, uso wa mtu aliyekatizwa safari, nachukua mzigo kwa bei yangu. Vijana wa Kariakoo wakija mara ya kwanza huniomba niwafundishe. Nawaambia hii haifundishwi. Hii nyota.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu soko limelala. Korona imerudi mjini tangu mwezi uliopita. Mtaa wetu wa Xiaobei wote kimya, wateja kutoka nyumbani mwaka wa pili hawaji, ndege za taabu. Mwanamume asiye na mzigo wa kufunga huanza kupanga vyombo vya mkewe. Chausiku kanifukuza jikoni mara mbili leo.

Basi nimejipa kazi mpya. Namwingiza Najat chuo kikuu.

Najat ndiye binti yetu, hatuna mwingine. Alikuja huku mdogo, kasoma shule ya wageni, na mwaka wa mwisho kaumalizia kwenye kompyuta pale mezani, pembeni mama yake anakatakata vitunguu. Anataka chuo kimoja tu, cha ng'ambo ya mto, asomee uhandisi wa nguo. Nilimshauri udaktari, una heshima zaidi. Akaniuliza kwani daktari anakwenda kazini bila nguo. Nikamwambia anywe chai, inapoa.

Fomu ya chuo ilitaka namba ya simu ya mwombaji. Nikaandika yangu. Biashara za nyumba hii hupitia kwa baba. Intavyuu ni kesho, kwa video.

Maulid kanikamata kwenye lifti. Huyu Maulid ni Mzanzibari, wakala wa mizigo, anakaa ghorofa ya juu yangu na kwa hiyo anadhani yuko juu yangu. Mwanawe Ghalib naye kaomba chuo hicho hicho. Kasema walimu walimhoji Ghalib jana wakafurahi mpaka wakacheka. Ghalib namjua. Kijana mpole, ana adabu, lakini Kichina hajui hata cha kuombea maji. Walicheka, sina shaka.

Ijumaa, 4 Juni

Intavyuu. Nimefanya kazi ya watu watatu.

Mimi najua kitu ambacho shuleni hawafundishi: mteja hanunui bidhaa, ananunua duka. Kwa hiyo ukuta wa nyuma ya Najat nikautandaza kanga na vitenge vya mama yake. Mezani maua ya plastiki kutoka soko la Yide Lu, mazuri kuliko ya shambani. Upande wa kushoto msumari haukuwepo, kanga ikawa inaanguka. Nikaingia chini ya meza, nikanyoosha mkono, nikaishikilia mwenyewe.

Najat kaniambia Baba toka. Nikamwambia Baba hayupo, huyu ni msumari.

Akatokea mwalimu mmoja, mwanamke, Mwalimu Liang. Kauliza kwa nini nguo. Najat akamsimulia habari ya kanga za mama yake. Kwamba siku moja mteja wa Dar alinunua kwetu kanga mpya nyekundu, akaenda nayo harusini, mvua ikanyesha, wekundu wote ukachujia kwenye gauni jeupe la mama wa bibi harusi. Wakagombana mbele ya bwana harusi. Na yule mteja alituma sauti kwenye simu analia, na Najat, mtoto wa darasa la nne, ndiye aliyeifungua ile sauti. Tangu siku hiyo anataka kujua kwa nini rangi nyekundu haikai ilipowekwa.

Hili sikuwahi kulisikia. Kule chini ya meza machozi yakanijia. Nikajaribu kuyafuta kwa bega, mguu ukapiga katoni.

Katoni ile ina sampuli za mbwa wa kuchezea, wa betri. Ukiwatikisa wanabweka. Akabweka mmoja, akaamsha wenzake.

Mwalimu Liang kauliza kwa upole kama nyumbani tunafuga mbwa. Nikaona huyu mtoto ataharibu, nikajibu mwenyewe kutoka chini ya meza, kwa Kichina safi, kwamba hawa si wa kufuga, ni sampuli, na kama chuo kinahitaji kwa jumla tunaweza kuongea.

Nadhani ilikwenda vizuri. Mwishoni mwalimu aliomba picha za ile kanga inayochuja, Chausiku anayo pacha yake, na Najat akamtumia kwa simu yake mwenyewe. Chausiku hakunisemesha mpaka baada ya magharibi. Halafu akaniita: Msumari, njoo ule.

Jumapili, 6 Juni

Jengo limefungwa! Kuna mtu ghorofa ya saba alikula chakula na mtu aliyekula na mgonjwa. Wamevuta utepe mlangoni, wamesimama watu wa mavazi meupe, hakuna kutoka mpaka majibu ya jengo zima yawe safi mara kadhaa. Mboga zinaletwa getini. Wametuletea kabichi. Nani mgonjwa akapona kwa kabichi?

Kila asubuhi tunashuka uani kupimwa, kijiti kooni. Nyuma yangu kwenye foleni, nani? Maulid. Anasema Ghalib yuko kwenye orodha ya kusubiri, na kwamba orodha ya kusubiri ya chuo hiki ni bora kuliko kuchaguliwa na chuo kingine. Nikamwambia Najat anagombewa na vyuo vitatu. Akaniuliza vipi. Zamu yangu ikafika, namshukuru Mungu, nikafungua mdomo mkubwa kijiti kiingie.

Jumatatu, 7 Juni

Leo watoto wa Kichina wanafanya mtihani wa kuingia chuo. Mji mzima umenyamazishwa. Magari hayapigi honi, mafundi wameacha kugonga. Kutoka dirishani nimewaona akina mama wawili wanawapeleka watoto wao, wamevaa magauni marefu mekundu ya bahati, barakoa nyekundu. Nikamwambia Chausiku naye avae nyekundu. Akasema yake moja inachuja.

Nyekundu si nyekundu, saa nne asubuhi simu yangu ikalia. Chuo! Wamempa Najat nafasi. Uhandisi wa nguo, karo wanalipa wao. Nimeruka, nimemkanyaga mbwa mmoja wa sampuli, amebweka.

Halafu nikasoma chini. Ataanza na mwaka mmoja wa lugha.

Mwaka wa lugha! Najat! Mtoto anayegombana na wauza samaki kwa Kikantoni mpaka wanamwita binti wa mtaa! Nimeijua mbinu hii mara moja. Ndiyo ile ya soko la vitambaa la Zhongda, unataka jora moja zuri, mwenye duka anakwambia lazima uchukue na hili lililofifia. Mwaka wa lugha ndio jora lililofifia.

Na mtu anayejua biashara hulipokeaje? Hapokei. Anacheka kidogo, anasema imezidi, anageuza kisogo. Namna hii nimenunua kila kitu cha maana maishani. Natoka mbele, Chausiku kabaki nyuma, magoti yanamsumbua, hatembei haraka. Sifiki duka la tatu, naitwa. Nikigeuka namkuta Chausiku bado yuko mlangoni mwa duka, maskini, hajapiga hata hatua kumi.

Sikumwambia mtu. Nikaisemea simu kwa Kichina, ikaandika yenyewe: Ahsante, imezidi, hatuhitaji, tunaangalia kwingine. Nikatuma. Nikaizima simu, maana anayeondoka hageuki nyuma.

Usiku nitalala kama mfalme.

Jumanne, 8 Juni

Nimewasha simu. Hawajaita.

Chuo ni duka kubwa. Duka la tatu kwao liko mbali.

Najat kaniuliza kama kuna habari yoyote ya chuo. Nikamwambia mambo mazuri hayataki haraka. Akanitazama muda mrefu, halafu akamtazama mama yake. Wanawake wa nyumba hii siku hizi wanatazamana sana.

Jumatano, 9 Juni

Wamejibu.

"Ndugu mzazi, tumepokea uamuzi wenu na tunauheshimu. Nafasi atapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Tunamtakia binti yenu mafanikio."

Nimesoma mara nyingi. Nimetafuta mahali palipoandikwa rudi. Hapapo.

Nikaandika haraka kwamba yalikuwa mazungumzo tu, tukae tuongee. Kimya. Nikapiga. Ikapokea mashine, ikaniambia nibonyeze moja, nikabonyeza, ikaniambia nibonyeze mbili. Mwisho akapokea binti mmoja mwenye sauti laini, akasema faili lenye namba hii limefungwa. Nikamwambia alifungue. Akasema mei you, yaani hakuna, na mtu yeyote aliyefanya biashara nchi hii anajua kwamba mei you ya sauti laini ndiyo isiyobadilika.

Nikashuka getini niende chuoni mwenyewe, kwa miguu ikibidi. Mlinzi wa mavazi meupe akasema hakuna kutoka. Nikamweleza ni mambo ya mtoto. Akasema hata yeye ana mtoto. Basi nikatumia la mwisho. Nikacheka kidogo, nikamwambia haya, naondoka zangu, nikageuza kisogo kurudi ndani. Polepole. Nikafika kwenye masanduku ya barua. Nikafika kwenye lifti. Nikabonyeza. Lifti ikaja, nikaiacha iende, nikangojea nyingine.

Sikuitwa.

Nyumbani nikakuta chumba cha Najat kimefungwa, Chausiku kakaa mlangoni na kiti kama askari. Kasema mtoto anasoma, asisumbuliwe. Anasoma! Mtoto wangu anasomea chuo ambacho baba yake kakitupa kwenye jalala. Nikaenda chooni, nikafungua bomba lote, nikalia.

Baada ya asri mlango ukagongwa. Maulid, barakoa chini ya kidevu, na sahani ya halua. Machozi yanamtoka. Kwanza nilidhani kafiwa. "Yakhe Msabaha," kasema, "Ghalib kapata! Kuna juha mmoja kaitupa nafasi yake. Wallahi Mungu amwongezee ujuha."

Nikamwambia amin.

Nikala halua. Ilikuwa halua nzuri sana. Ilishuka kama kokoto.

Alhamisi, 10 Juni

Sikulala. Mipango niliyofikiria: kupeleka chuoni katoni ya mbwa kama zawadi. Kujifanya nimeugua kichwa Jumatatu. Kumwambia Maulid ukweli ili mwanawe arudishe nafasi.

Huu wa tatu nilikaa nao mpaka alfajiri. Asubuhi Ghalib mwenyewe akaja mlangoni, kanyoa, kavaa shati la kupiga pasi, kwenye jengo ambalo hakuna pa kwenda. Kasema, "Shikamoo mjomba. Nimepewa na mwaka wa lugha, naogopa nitachekwa. Baba anasema hakuna anayejua Kichina kama wewe. Naomba unifundishe."

Maulid kasema hivyo? Maulid?

Nikamtazama yule mtoto. Kashika daftari jipya na kalamu mbili. Basi ule mpango wa tatu ukafa hapo hapo. Tukakaa kwenye ngazi, nikamfundisha kuomba maji, kushukuru, kuuliza njia, na kusema imezidi, tai gui le. Ana sikio zuri. Nikampa na begi langu jipya la kompyuta, maana mwanafunzi hawezi kwenda chuo kikuu na mfuko wa rambo. Alipopanda ngazi kalivaa mgongoni kwa namna ambayo ilibidi nitazame ukutani.

Jioni nikamwambia Chausiku. Alikuwa anapiga pasi. Nilieleza yote, jora lililofifia, kisogo, simu kuzimwa, juha wa Maulid. Hakupaza sauti. Aliiweka pasi pembeni.

"Umemwacha mtoto dukani ukaondoka?"

Nikaanza kukunja nguo alizokwisha kupiga pasi.

Nikamwomba amwambie Najat yeye, ana maneno ya taratibu. Akasema hapana, Baba Najat, nenda kamwambie mwenye chuo, yuko chumbani. Akachukua pasi yake. Na naapa, alipoinama, mabega yalikuwa yanatikisika. Nimemliza mke wangu.

Ijumaa, 11 Juni

Nilipanga kumwambia kwenye foleni ya kupimwa, uani, mbele za watu, ili asinipigie kelele. Najat mbele, mimi nyuma yake. Nikaanza. Nikamwambia Najat mwanangu, kuna mtu alifanya kosa. Akaniuliza mtu gani. Nikamwambia mtu mmoja mwenye nia njema. Foleni ikasogea. Nikamwambia, huyo mtu ana simu. Muuguzi akaniambia fungua mdomo. Nikafungua, kijiti kikaingia, na mimi bado naungama. Najat kasema alichosikia ni "aaah-huo, aaah-huo."

Halafu akasema, "Baba, najua. Tangu Jumatatu."

Nikamwomba muuguzi kiti. Hakuwa nacho. Nikakaa kwenye kreti la kabichi.

Kumbe Mwalimu Liang alimpigia Jumatatu ile ile jioni, kwa ile namba iliyotumiwa picha za kanga. Kauliza kwa masikitiko kama kweli amekataa. Najat kaniambia alivyomjibu, na naandika neno kwa neno.

"Nilimwambia Baba hajakataa. Baba ni mfanyabiashara. Ameondoka ili aitwe. Nikamwomba msamaha, nikamwambia akikaa kimya namna hii ujue anateseka sana."

"Naye?"

"Alicheka mpaka akakohoa. Akasema kakulia kwenye duka la vifungo, anawajua watu kama wewe, baba yake mmoja wao. Tukaongea saa nzima. Akasema mtu anayeweza kumwombea radhi baba yake kwa Kichina namna ile hahitaji mwaka wa lugha. Juzi nikafanya mtihani, kwa video. Mama alikuwa mlangoni."

Faili lenye namba yangu ndilo lililofungwa. Limefunguliwa jingine lenye namba yake. Ile nafasi yenye mwaka wa lugha ikabaki wazi, akaipata Ghalib. Najat anaanza mwaka wa kwanza moja kwa moja, imebaki barua tu.

Nikamuuliza kwa nini basi wameniacha niungue siku zote hizi. Kasema yeye alitaka kuniambia Jumanne. Mama ndiye aliyesema niachwe kidogo, nitembee mpaka duka la mwisho.

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kwa dhati. Lakini kifua kilikuwa chepesi, kama umeteremsha gunia la mchele kutoka ghorofa ya tisa na lifti mbovu. Nikamkumbatia mtoto pale pale. Mtu wa mavazi meupe akapiga filimbi, tuachane, tukae mita moja.

Na Chausiku jana hakuwa analia. Alikuwa anacheka. Miaka yote ya ndoa sijui kutofautisha mabega.

Jumamosi, 12 Juni

Utepe umekatwa! Jengo zima safi. Watu wametoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Maulid alikuwa wa kwanza, mimi wa pili, lakini mimi nilitembea kwa heshima.

Barua ikaja mchana, kwenye simu ya Najat. Muhuri mwekundu. Uhandisi wa nguo, mwaka wa kwanza. Chausiku kaisoma kwa sauti, kaisoma tena, halafu kaenda jikoni kupika pilau na kuacha bomba likimwagika. Nikajua analia kweli. Nikalifunga bomba.

Tukapeleka sahani ghorofa ya juu. Maulid akanipongeza mpaka nikahisi baridi, halafu akasema Ghalib ataanza na mwaka wa lugha kwa sababu wamemuona ana kipaji cha lugha. Nikamwambia ndivyo nilivyosikia hata mimi. Ghalib akadakia: "Mjomba ndiye mwalimu wangu." Maulid akanishika mkono, kaukaza, hakuuachia upesi. Sikumwambia juha ni nani. Watu wa namna yangu hatujisifu.

Jumapili, 13 Juni

Tumekwenda Yide Lu, mimi na Chausiku, kumtafutia Najat sanduku la bwenini. Soko linaamka, nusu ya milango wazi, kila duka linakukagua simu kama ina alama ya kijani ya korona kabla hujaingia. Nimepata sanduku la buluu, magurudumu manne, linateleza kama linajua njia. Mwenye duka mama mmoja mnene mwenye feni shingoni. Akataja bei. Nikacheka kidogo. Nikasema imezidi. Nikageuza kisogo.

Duka la kwanza, nikapita. Kufika la pili nikakumbuka mwavuli wangu nimeuacha juu ya sanduku. Mtu anayeondoka hageuki nyuma, hiyo ndiyo kanuni. Lakini ule mwavuli ni mzuri. Nikachungulia kwa pembeni ya nguzo.

Chausiku alikuwa kamwinamia yule mama. Mkono begani. Magoti mazima kabisa. Anamnong'oneza kitu kwa Kichina chake cha Zhongda, cha vitambaa na vipimo, wanacheka wote wawili kama watu wa ukoo mmoja. Halafu akanyoosha kidole kule nilikoelekea, akahesabu kwa vidole. Moja. Mbili. Tatu.

Nikajiondoa kwenye nguzo. Nikarudi haraka kwenye njia yangu, nikaenda mpaka duka la tatu, nikasimama mbele ya madaftari, nikayatazama.

"Pengyou! Rafiki! Rudi!"

Nikageuka taratibu, uso wa mtu aliyekatizwa safari. Chausiku kasimama mlangoni, kashika goti, maskini. Kanipa pole kwa kutembezwa. Nikamwambia umeona? Nyota hiyo.

Akasema, "Nimeona, Baba Najat."

Njia nzima mimi nikalivuta sanduku, yeye akabeba mwavuli.

Jumatatu, 14 Juni

Sikukuu ya mashua za Wachina, ila mwaka huu mashua hazikushindana kwa sababu ya korona. Tumekula ule wali wa kunata wa kufungwa kwenye majani, wa maharage, kutoka kwa Waislamu wa Kichina wa pale kona. Maulid kaleta halua tena. Leo imeshuka vizuri.

Mchana nikakaa mkahawani na vijana wawili wa Kariakoo waliokwama huku tangu mwaka jana. Nikawasimulia jinsi chuo kikuu kilivyotaka kunibebesha mwaka wa lugha, nikageuza kisogo, wakaniita, wakauondoa. Hakuna neno la uongo hapo. Wakatikisa vichwa. Mmoja kaandika.

Sasa limebaki la bweni. Najat kapangiwa kitanda cha karibu na mlango, wasichana wanne chumbani, na mwanangu anapenda dirisha. Jioni hii nimempigia msimamizi wa mabweni kwa simu yangu. Nimemwambia kitanda cha mlangoni hatukihitaji, ahsante, tunaangalia kwingine. Nimezima simu. Najat kapiga kelele mpaka juu kwa Maulid wakagonga sakafu.

Chausiku kavaa miwani, kachukua simu yake, kamuuliza Najat namba ya yule msimamizi, wameingia chumbani wamefunga mlango. Nawasikia wanaongea Kichina. Nawasikia wanacheka. Mimi niko kibarazani na chai, nangoja niitwe.

Nimefunua ukurasa wa kwanza nikasoma yale ya nyota yangu. Nimeandika vizuri, sifuti. Lakini ni uongo. Mimi sijawahi kuitwa hata siku moja.